Tairi la Mjomba kwenye Gari la Harusi

Mwaka ule dada yangu alipoolewa Miono, katikati ya miaka ya sabini, tairi jipya lilikuwa kitu cha kusikia tu. Wenye magari pale Bagamoyo waliyapandisha juu ya mawe uani, wakayafunika makuti, wakarudia baiskeli zao. Pijo la baba, gari ambalo miaka yote lilibeba marobota ya vitambaa vya duka lake, lilikuwa limebakiwa na matairi mawili ya kutegemewa. Mengine mawili yalikuwa vipara, na kimoja kilikuwa kimeanza kutoa nyuzi ubavuni kama mkeka uliochakaa.

Harusi ilikuwa Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idd. Baada ya nikaha bibi harusi alitakiwa kupelekwa kwa mumewe, mwalimu wa shule huko Miono ambaye watu wake ni wakulima. Safari ilihitaji gari, gari lilihitaji matairi, na mwenye leseni nilikuwa mimi. Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu. Aliweza kumtambua mtu kwa kivuli chake mlangoni, lakini si shimo barabarani.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huohuo, nikingoja kupangiwa kazi. Nyumbani kila mtu alijua kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilipokuwa mdogo sikula samaki mpaka bibi alipompekua mwiba mwiba. Chuoni niliwahi kutoka kwenye chumba cha mtihani, nikarudi kumwomba msimamizi aangalie kama nimeandika namba yangu, na nilipotoka tena nikaanza kuwaza kama aliangalia karatasi yangu au ya mwingine. Watu wa aina yangu hupata taabu moja ambayo wengine hawaijui: hofu ya kweli inapokuja, haina sauti tofauti na zile nyingine. Hakuna anayeiamini, na hata mwenyewe huiamini nusu nusu.

Kwetu harusi huchangiwa kwa kile mtu alicho nacho. Huyu huleta mchele, yule mbuzi, mwingine hutoa turubai. Ya dada yangu ilichangiwa matairi. Baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alinunua moja jipya, nikalileta mwenyewe likiwa limefungwa juu ya paa la basi. Tulipofika Kerege nilimwomba dereva asimame nikahakikishe kamba. Abiria walinicheka mpaka tukaingia mjini. Jingine jipya lilitoka kwa mjomba, kaka yake mama, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, mwenye lori lake. Alilipata Tanga, na hakuna aliyethubutu kumuuliza alilipataje.

Nilipoyaweka mawili hayo sambamba uani ndipo nilipoona tofauti. La baba mdogo lilikuwa la nyuzi, lenye ubavu mgumu uliosimama wima. La mjomba lilikuwa la waya, lenye nyaya za chuma ndani, la kampuni nyingine kabisa, na ubavu wake ulikuwa laini, ukibonyea chini kidogo kana kwamba halina upepo wa kutosha. Nikaenda kuyatazama yale mawili ya zamani ya baba. Moja lilikuwa la waya, jingine la nyuzi.

Katika kisanduku cha mbele cha gari kulikuwa na kitabu chake, nami nilikuwa nimekisoma chote, kama ninavyosoma kila karatasi inayoambatana na dawa. Kilisema kwamba matairi ya waya na ya nyuzi yasichanganywe kamwe kwenye ekseli moja, kwa sababu hayashiki barabara kwa namna moja. Moja linafuata usukani upesi, jingine linachelewa. Breki ikikanyagwa penye utelezi, kila moja linakwenda na mambo yake. Kama mtu hana budi kuchanganya, kitabu kilisema, basi ya nyuzi yote mawili yakae mbele na ya waya yote mawili yakae nyuma, ili mkia wa gari usikimbie.

Lakini nafasi za matairi hazikupangwa na kitabu. Zilipangwa na wazee kibarazani, alasiri moja, kwa kahawa na halua. Waliochangia mapya wakae mbele, ndiyo heshima yao, kwa sababu gari la harusi linapofika wenyeji huona mbele kwanza. Ilibaki kuamua nani akae kulia. Mama yetu alifariki sisi tukiwa wadogo, na katika harusi ile mjomba ndiye aliyesimama upande wake. Baba mdogo, ambaye kwa kawaida hakubali kushindwa hata karata, alisema mwenyewe kwamba kulia ni kwa upande wa marehemu. Basi tairi la waya la mjomba likafungwa mbele kulia, la nyuzi la baba mdogo mbele kushoto, na yale ya zamani yakafungwa nyuma, la nyuzi kulia na la waya kushoto. Mbele mchanganyiko, nyuma mchanganyiko. Shangazi zangu wakayapaka yale ya mbele mafuta ya nazi mpaka yakang'aa kama viatu vya Idd.

Nililizunguka gari lile mchana kutwa. Hesabu ilikuwa nyepesi mno, na hilo lilinitisha zaidi. Kubadilishana kumoja tu kulitosha: la mjomba liende nyuma kulia, na lile la nyuzi lililokuwa nyuma kulia lije mbele. Hapo kila ekseli ingekuwa ya aina moja, na ya waya yangekuwa nyuma kama kitabu kinavyotaka. Nilitafuta njia nyingine. Je, nikiyaleta ya waya yote mawili mbele, mjomba abaki pake? Hapo ningemrudisha nyuma baba mdogo, tena mkia wa gari ndio ungekuwa wa kwanza kukimbia kwenye kona yenye matope. Nikawaza kwamba huenda kitabu kiliandikwa kwa barabara za lami za Ulaya. Kisha nikawaza kwamba huenda barabara zetu ni mbaya zaidi, na mwandishi wake hata hakuweza kuziwazia.

Nilimwendea baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimeliendesha gari likanisumbua. Nikasema nimekwenda nalo mpaka sokoni tu. Akanikumbusha kwamba kabla ya Ramadhani nilisema dari la dukani litatuangukia.

"Bado nalihofia, baba," nikasema.

"Najua, mwanangu. Nami bado nakaa chini yake."

Mjomba alinikuta nimechuchumaa mbele ya tairi lake. Nilisimama nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mjomba. Unaliposa gari, au vipi?"

Nilimweleza yote, waya, nyuzi, ekseli, kitabu. Alisikiliza huku akichezea tasbihi, uso wake ukiwa na tabasamu la mtu anayemsikiliza mtoto akisoma ubao.

"Tairi si duara?" akauliza. "Au huko chuoni wameligeuza?"

"Ni duara, mjomba."

"Mbele linazunguka?"

"Linazunguka."

"Nyuma?"

"Nyuma pia linazunguka. Basi kama ni mamoja, mjomba, tuliweke nyuma."

Tasbihi ikasimama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema kwa sauti ya chini, akilitazama tairi na si mimi, "Dada yangu hakai nyuma." Kisha akaenda zake msikitini, na mimi nikabaki na hesabu yangu.

Tuliondoka asubuhi baada ya nikaha. Ndani ya gari tulikuwa watatu tu. Mimi kwenye usukani, na nyuma yangu dada, amefunikwa gubigubi kiasi kwamba nilichokiona kwenye kioo kilikuwa umbo la nguo na asumini. Kando yake alikaa somo wake, mama wa makamo aliyemfunda siku zote zile za ndani, mwanamke mwenye maneno machache, kila neno likiwa na uzito wa jiwe la kusagia. Vyombo vya dada vilijaa nyuma: sufuria, vinu, mikeka, mbuzi mpya ya kukunia nazi. Mjomba na wasindikizaji wengine walikuwa wafuate na lori lake, lakini lilichelewa kupakia watu, na somo akasema tusingoje, bibi harusi akishatoka mlangoni hangoji.

Jambo jingine alilolisema, na lilikuwa jambo la kawaida kwetu, ni kwamba bibi harusi hasemi njiani. Mpaka afike, apokewe na atunzwe, mdomo wake umefungwa.

Mpaka Ruvu barabara ilikuwa kavu. Nilikwenda taratibu, mikono yangu ikisikiliza. Usukani ulikuwa na tabia mbili. Nikiwa mwendo mdogo, gari lilikwenda sawa. Nikikanyaga breki, lilivuta upande mmoja, kidogo tu, kama mtu anayekuvuta ukingo wa kanzu. Nilijaribu tena ili nihakikishe, na tena, mpaka somo akaniuliza kama barabara ina kwikwi. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na harufu ya mafuta ya nazi kutoka kwenye matairi yaliyopata moto iliingia dirishani, tamu, ikinichefua.

Tulipovuka mto mawingu yalikuwa yameshuka. Vuli ilianza mapema mwaka ule. Mvua ilitukuta tukiwa tumekaribia Fukayosi, matone mazito kwanza, kisha maji yakamwagika. Ile njia nyekundu iliyokuwa vumbi ikageuka utelezi mbele ya macho yangu. Kulikuwa na mteremko na mwisho wake kona. Nilijiambia nisikanyage breki. Nilijiambia hivyo kwa maneno, nikiyatamka moyoni moja moja. Kisha nikaona jinsi kona ilivyo karibu, na mguu wangu ukakanyaga.

Gari liliacha kunisikiliza. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Usukani ulikuwa mkononi mwangu, nao ulikuwa mwepesi kama sahani. Pua ya gari ilikwenda kushoto, mkia ukaja kulia, na shamba la mihogo lililokuwa mbali kando ya barabara likawa mbele ya kioo. Nyuma yangu sufuria zilianguka. Sikusikia mtu akipiga kelele. Nilichosikia ni mikeka ikiteleza na somo akitaja jina la Mungu, kwa utulivu, kama anayemwita jirani. Kisha tukasimama. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa kwenye ukingo wa mtaro, na mtaro ule ulikuwa na kina cha kutosha kulilaza gari ubavu.

Nilizima injini. Mikono haikutaka kuachia usukani.

"Haya, rudisha nyuma twende," somo akasema. "Bibi harusi hasimamishwi njiani. Si vizuri."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia kwamba mbele kuna milima mingine na mvua bado, na kwamba tairi la mjomba lazima likae nyuma, na kwamba mjomba alikataa, na kwamba pengine nimekosea, kwa sababu mimi hukosea mara nyingi, mimi huogopa hata dari. Nilisikia sauti yangu ikienda juu. Somo akasema wakubwa walishapanga, nani mimi nipangue, na mjomba akija hapa akute tairi la marehemu limerudishwa nyuma, tutamwambia nini? Alikuwa na haki. Nilitazama mvua ikigonga boneti, nikajiona nikilirudisha gari barabarani na kuendelea, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kuliko kuliangalia jicho la mjomba. Na nilijua kwamba ningefanya hivyo.

Ndipo ile nguo iliyokuwa kwenye kioo ikasema.

"Kaka. Libadilishe."

Sauti yake ilikuwa kavu, sauti ya mtu ambaye hajanywa maji tangu alfajiri. Somo aligeuka akamtazama. Nilidhani atamkemea. Badala yake alifungua mlango, akajitanda kanga yake ya pili kichwani, na kushuka kwenye matope.

Jeki ilizama. Kila nilipoizungusha, badala ya gari kupanda, jeki ilishuka. Somo alikwenda nyuma ya gari, akapekua vyombo, akarudi na ile mbuzi mpya. Aliikunja ubao ukalala bapa, akaniwekea miguuni. Nikaiweka jeki juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na gari likapanda. Nikalitoa tairi la mjomba na kuweka kipara cha akiba ili gari lisimame nacho kwa muda. Nilikuwa nimeliegemeza la mjomba kwenye ukingo wa barabara, limejaa tope, mafuta yake yote yameondoka, niliposikia lori linateremka.

Lilisimama juu ya mteremko. Mjomba alishuka, amepandisha kanzu yake kwa mkono mmoja na kushika mwamvuli kwa mwingine. Wasindikizaji waliinuka juu ya lori, wakachungulia, wakakaa. Alikuja mpaka lilipo tairi. Aliangalia alama za magurudumu zilizokata barabara mshazari mpaka mtaroni, akazifuata kwa macho, akazirudia. Kisha akaniangalia.

"Nani kaamuru litolewe?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshapanga maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya kuomba radhi. Sauti ikatoka ndani ya gari.

"Mimi, mjomba."

Mvua ilikuwa inapungua, kwa hiyo kila mtu alisikia, hata wa juu ya lori. Mjomba hakugeuka kuelekea dirishani. Alimgeukia somo, ambaye kanga zake zilikuwa zimelowa mpaka magotini.

"Somo, siku hizi bibi harusi husema njiani?"

"Tangu lini?" somo akajibu. "Nipo naye hapa toka asubuhi. Sijasikia mtu."

"Hasemi?"

"Hasemi."

"Basi hata mimi sijasikia," mjomba akasema.

Alinipa mwamvuli niushike. Akalishika tairi lake kwa mikono miwili, kanzu na vyote, akalibingirisha mwenyewe mpaka nyuma ya gari na kulisimamisha pale, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayemtuliza mtoto asiondoke. Nilihamisha jeki. Nilipoanza kukaza nati alininyang'anya spana, akasema atakaza yeye. Alikaza kila nati mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na nilipokwisha kutoa kile kipara mbele na kuweka la nyuzi lililotoka nyuma, akaja akazikaza na zile za huko. Hakuniambia kwamba nilikuwa sahihi. Sikutaka aniambie, kwa sababu sikuwa na hakika.

Toka pale tulikwenda nyuma ya lori, polepole. Nilipokanyaga breki gari lilikaa kwenye mstari. Nilijaribu tena na tena na somo hakuuliza kitu. Mtu angetegemea kwamba hofu ingeniacha. Haikuniacha. Ilihama tu. Nilihofia nati, kwamba mjomba kazikaza mno zikakatika. Nilihofia la waya la zamani. Nilihofia mbuzi ya nazi, kama imepasuka, na dada ataanza nyumba kwa chombo kilichopasuka. Kila nilipotazama kioo niliona ile nguo imekaa wima, haitikisiki, na nikahofia hilo pia bila kujua kwa nini.

Miono walitupokea kwa vigelegele na ngoma. Mvua haikuwa imefika huko. Wanawake walitandika kanga kutoka gari mpaka mlangoni, na dada akashuka juu yake, akapita, akaingia, bila mimi kuuona uso wake. Mjomba alisimama kando ya gari akipokea salamu. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alilisifu tairi la mbele, lile la baba mdogo, ambalo lilikuwa bado na mng'ao kidogo. Nilitamani ardhi inifiche.

"Hilo linaonyesha njia tu," mjomba alimwambia, bila kuinua sauti. Akamwongoza nyuma, akamwonyesha gurudumu lililojaa tope mpaka katikati. "Gari hili husukumwa na nyuma. La upande wa mama yake ni hili. Hili ndilo lililomleta."

Yule mzee aliinama akaligusa. Mjomba alinitupia jicho mara moja, haraka, kisha akaendelea na mazungumzo ya mbata.

Asubuhi yake, kabla ya kurudi Bagamoyo, somo aliniruhusu kumuaga dada dirishani. Alikuwa bado ndani ya nguo zake, lakini uso ulikuwa wazi, na macho yake yalikuwa yamevimba. Nilimuuliza jambo lililokuwa limenikaa rohoni usiku kucha: kama aliogopa sana pale gari lilipoteleza. Nilitaka anisamehe, nadhani, au anihakikishie kwamba sikukosea.

Alishika nondo za dirisha.

"Naogopa toka siku walipoleta posa," akasema. "Pale mtaroni ilikuwa vilevile tu."

Miezi yote ile nilikuwa nimehofia dari, kamba za paa la basi, waya na nyuzi, na hofu yake yeye nilikuwa nimekaa nayo nyumba moja sikuiona. Nikamuuliza, kwa ujinga, kwa nini hakusema.

"Bibi harusi hasemi," akajibu, na kwa mara ya kwanza siku zile nikaona kama anataka kucheka. Akapitisha mkono kwenye nondo za dirisha, akanifuta tope lililokuwa limenikaukia kwenye kola. "Wewe angalau, kaka, ulikuwa na jeki."

Nilirudi na gari tupu. Njia ilikuwa imekauka, gari lilikwenda sawa, na sikukanyaga breki kulijaribu hata mara moja. Nilipofika pale kwenye mteremko wa Fukayosi nilisimama. Alama zetu zilikuwa bado zimekatiza barabara, zimekauka zikawa ngumu. Nilikaa nikizitazama mpaka injini ikapoa, nikijaribu kukumbuka kama sauti yake, aliposema libadilishe, ilikuwa inaongea na mimi juu ya tairi tu, au juu ya safari yenyewe.